Nimeachiwa Raleigh ya babu yenye gia tatu, mfukoni nina laki moja tu. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Pasua

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita tulipanda Kibosho, huko mlimani juu ya Moshi, kusafisha banda la nyuma ya nyumba ya babu, maana bibi anataka kufugia mbuzi. Chini ya magunia ya kahawa na madebe ya mrututu tukaikuta baiskeli yake. Raleigh nyeusi, ile yenye nembo ya ndege mwenye shingo ndefu hapo mbele, breki za vyuma, gurudumu za 28. Tangu nikiwa darasa la tatu sijawahi kuiona ikitembea, na sasa nina watoto wawili.

Hali yake ni hii. Cheni imekuwa fimbo, haikunji. Kiti panya wamekula upande mmoja, wakaacha springi na aibu. Tairi zimepasuka kama kisigino cha mkulima. Madigadi yapo yote mawili, kengele ipo lakini imenyamaza. Habu ya nyuma (kile kitovu cha gurudumu) ni nene kuliko za kawaida na upande wa kulia, katikati ya ekseli, inatoka kicheni kidogo kama cha mkufu. Waya uliokuwa umeshikana nacho unaning'inia kwenye fremu, umekatika.

Nimeiteremsha mjini juu ya Noah. Fundi wa mtaani kwetu akaitazama sekunde kumi, akasema: "Mwalimu, toa hilo dude la nyuma, nikuwekee habu ya kawaida na friwili, elfu thelathini na tano, usahau." Kabla sijajibu kijana wa chuma chakavu akawa ameshaleta mizani yake.

Bajeti ni laki moja, haina mdogo wake wala mkubwa wake. Nataka iwe ya kwendea kazini, na siku moja nipande nayo Kibosho. Je, fundi ana haki? Na nianze na nini?

Kijana wa Unga Ltd

Mkuu uzi bila picha ni tangazo la kifo. Weka picha.

Ila ushauri wangu toka Arusha: piga msasa yote, puliza nyekundu, weka usukani wa mountain. Itakuwa noma.

Fundi Gololi

Mwalimu, usimsikilize huyo wa juu hata kidogo (samahani mdogo wangu). Na fundi wako mwambie asante, ila hapana.

Hilo dude ndilo baiskeli yenyewe. Mengine yote kwenye chombo hicho utayapata Moshi mjini kabla ya saa sita mchana. Tairi za 28 kwa moja na nusu ndizo zilezile zinazotumika kwenye baiskeli za Kihindi na Kichina zinazobeba majani na mkaa. Cheni ni ya kawaida ya nusu inchi. Raba za breki, kota pini (zile za kushikia mikono ya pedali), gololi, tyubu, vyote vipo madukani. Lakini ndani ya habu hiyo kuna vitu ambavyo ukivipoteza hapa mjini huvipati. Kwa hiyo panga pesa yako hivi: vinavyopatikana nunua, visivyopatikana safisha.

Sasa fanya kazi moja usiku huu. Chukua kitambaa na mafuta ya taa, futa ganda la habu katikati ya spoku. Utaona maandishi. Tuambie yanasemaje.

Mwalimu wa Pasua

Nimefuta. Inasoma STURMEY ARCHER, chini yake AW, halafu England, halafu 62 na pembeni 7.

Kijana wa Unga, simu yangu kamera yake imepasuka kioo, picha ni ukungu mtupu. Nivumilie.

Fundi Gololi

Safi sana. AW ni aina ya habu, ya gia tatu, ilianza kutengenezwa 1936 huko Nottingham Uingereza. 62 ni mwaka na 7 ni mwezi. Habu yako imetoka kiwandani Julai 1962. Fremu inaweza kuwa ya mwaka mwingine kidogo kama gurudumu liliwahi kubadilishwa, lakini kwa babu wa Kibosho naamini vilikuja pamoja.

Dada Keria

Julai 1962! Tanganyika ilikuwa na uhuru wa miezi saba tu, hata jamhuri haijawa bado. Mwalimu, hiyo ni mkubwa kuliko Tanzania. Iamkie shikamoo kwanza ndipo ushike spana.

Mchumi wa Njiro

Sipendi kuharibu sherehe za watu, lakini hesabu ni hesabu. Kwa laki moja na kidogo unapata baiskeli ya mtumba toka Japani, inatembea leo hii, nyingine zina hizo gia tatu ndani ya habu vilevile. Hii ya kwako utamwaga laki, halafu laki nyingine, mwisho unakuwa na chuma cha kilo 20 kinachokimbia kama mkokoteni. Mapenzi ya babu tuyaweke kando.

Mwalimu wa Pasua

Mkuu Mchumi, ungesema hivyo mbele ya bibi ungekunywa mbege ya jana.

Fundi Gololi

Mchumi hajakosea sana, nimuunge mkono nusu. Kama shida ni usafiri tu, Mjapani wa mtumba ni sawa. Ila wasomaji wengine msije mkachanganya: habu nyingi za hao Wajapani ni Shimano, vipuri vyake haviingii kwenye Sturmey hata ukivibembeleza.

Mwalimu, kabla hujafungua chochote kuna kipimo cha bure. Toa cheni (ikate tu, ilishakufa). Pindua baiskeli, magurudumu juu. Weka alama ya chaki kwenye tairi la nyuma. Shika lile gurudumu dogo la meno la nyuma kwa mkono, lizungushe mbele mzunguko mmoja kamili. Hesabu tairi limezunguka mara ngapi.

Mwalimu wa Pasua

Nimefanya mara tatu na mwanangu akiwa mwamuzi. Meno yakizunguka mara moja, tairi linazunguka mara moja na theluthi. Na linazunguka! Sikutegemea. Lina ugumu kidogo halafu linaachia, kama mtu anayeamka.

Mzee wa Stesheni

Wanangu hamjambo. Mimi huwa nasoma tu humu, leo mjukuu ameniandikia.

Mwalimu, wewe huna ugonjwa kwenye habu. Mimi nilipanda hizo miaka ile nikifanya kazi reli, nitakueleza inavyofanya kazi na wewe uwafundishe watoto.

Ndani, katikati, kuna gia yenye meno 20 ambayo imekazwa kwenye ekseli, haizunguki kamwe. Kuizunguka kuna vigia vinne vidogo. Nje yao kuna pete kubwa yenye meno 60 kwa ndani. Ukivuta ule waya unakuwa unachagua nani amsukume nani. Waya ukikazwa mpaka mwisho, pete inasukuma na kile kikapu kinachobeba vile vigia vinne ndicho kinachopeleka gurudumu, basi unapata robo tatu: hiyo namba moja ya mlimani. Waya ukiwa nusu, meno na gurudumu vinakwenda sare. Waya ukilegea kabisa, mambo yanageuka, kikapu kinasukuma na pete inatoka mbio, unapata moja na theluthi. Hiyo namba tatu.

Sasa jiulize. Waya ukikatika, habu inabaki wapi? Namba tatu, gia ya tambarare na upepo wa mgongoni. Babu yako alikuwa anakaa wapi? Kibosho.

Dada Keria

Mzee shikamoo. Nimesoma hiyo mara mbili, nimenyamaza.

Mwalimu wa Pasua

Shikamoo mzee.

Nimempigia bibi asubuhi hii. Nimemuuliza babu aliacha baiskeli lini na kwa nini. Akasema ilikuwa baada ya mvua za masika za mwaka mmoja, alirudi toka mjini ameikokota njia nzima, akaiegemeza bandani, akasema miguu yake imeisha. Hakuipanda tena. Alikuwa anatembea kwa mguu mpaka chama cha msingi kupokea kahawa za watu, alikuwa karani pale.

Bibi hakumbuki habari ya waya.

Mzee wa Stesheni

Marahaba.

Miguu haikuwa na kosa. Na meno yako ya mbele ni mangapi, ya nyuma mangapi?

Mwalimu wa Pasua

Mbele 46, nyuma 18.

Mzee wa Stesheni

Basi piga hesabu, wewe ndiye mwalimu. Gurudumu la 28 likizunguka mara moja linakwenda mita mbili na robo hivi. Kwa meno hayo, gia ya kati kila mzunguko wa pedali unakupeleka mita 5.7. Namba moja mita 4.3. Namba tatu mita 7.6. Hata kijana wa miaka ishirini hapandi Kibosho kwa mita 7.6.

Waya siku hizi ni bei gani?

Mwalimu wa Pasua

Elfu tatu, mzee.

Fundi Gololi

Naomba turudi kazini kabla watu hawajalia kwenye kibodi.

Mwalimu, usifungue habu. Narudia: USIFUNGUE. Pale kwenye ganda kuna kitundu chenye kifuniko kidogo. Mimina humo oili nyepesi ya injini, ya namba 20 au 30, kijiko cha chai kimoja au viwili, zungusha gurudumu, iache usiku kucha imelala. Itachuruzika nyeusi, weka gazeti chini. Rudia siku mbili tatu. Usitie mafuta ya kupikia, yanaganda kuwa gundi. Wala oili chafu ya gereji ile ya kupaka nguzo za uzio, imejaa unga wa chuma.

Wakati hiyo inalowa, shughulika na mengine. Kota pini za kranki, yaani mikono ya pedali, ndizo zitakutesa.

Mwalimu wa Pasua

Wakuu mrejesho, na nakiri kosa.

Kota pini zilinitesa kweli. Ya kushoto ilitoka kwa adabu: nililegeza nati mpaka ikawa sawa na ncha, nikaegemeza kranki kwenye kipande cha bomba, nikapiga nyundo moja ya nguvu badala ya kumi za huruma. Ya kulia ilipinda kama msumari, nikaenda kuitoboa kwa mashine kwa jirani fundi wa mageti. Mpya nimenunua elfu moja moja, na ilibidi nizipige tupa kidogo upande bapa ndipo mikono ya pedali ikakaa mstari mmoja. Mara ya kwanza ilikaa kama saa nne na dakika ishirini.

Sasa kosa. Nilifungua habu. Oili ilikuwa imeshaingia, inazunguka vizuri, lakini nikasema ngoja nione hicho kikapu alichosema mzee. Uzuri wake nilitazama kwanza mafundisho, nikaweka alama kwenye ile pete ya gololi ya upande wa kulia na spoku iliyo karibu nayo kabla sijaigonga kulegea. Ndani ni safi ajabu. Meno yanang'aa. Mtu wa Nottingham aliyaweka pale Julai 1962 na mimi nikawa wa kwanza kuyaona tena. Nikaosha kwa mafuta ya taa, nikapaka grisi nzito kila mahali kwa upendo, kopo zima la elfu nne, nikafunga.

Sasa nikizungusha meno ya nyuma, gurudumu halisogei. Inateleza tu kama inacheka.

Fundi Gololi

Mwalimu.

Kijana wa Unga Ltd

Hahahaha kopo zima.

Fundi Gololi

Nilisema mara mbili, ya pili kwa herufi kubwa. Haya, si msiba. Humo ndani kuna vijino vidogo vinavyochomoza na kukamata, mafundi wengine wanaviita kucha. Kila kucha inasukumwa na springi nyembamba kama unywele. Grisi nzito inazibandika, hazichomozi. Ndiyo maana habu hii inaishi kwa oili, siyo grisi. Grisi ni ya gololi za pembeni tu, na kidogo.

Fungua tena, osha tena, na uangalie zile springi kwa mwanga wa jua kabla hujarudisha. Ukiangusha moja kwenye majani usinipigie. Ile pete ya gololi ina nyuzi za njia mbili, kwa hiyo rudisha kwenye alama uliyoweka, vinginevyo gurudumu litakaa upande. Umefanya vizuri kuweka alama, hilo nakupongeza.

Ukifunga: koni ya kulia (ile nati inayobana gololi) kaza kwa vidole mpaka igote, irudishe nusu mzunguko, funga nati yake. Halafu koni ya kushoto ndiyo ya kurekebishia, acha mchezo kidogo sana ukishika tairi na kulitikisa. Usilazimishe nati za baiskeli ya Kihindi kwenye ekseli hiyo hata kama zinaanza kuingia. Uzi wake ni inchi 13/32 kwa nyuzi 26 kila inchi, wa Kiingereza wa peke yake.

Dada Keria

Kwa hiyo uzi huu unahusu uzi.

Mwalimu wa Pasua

Nimefungua tena jana kwenye sinia la chapati, mke wangu hajui. Springi zote zipo. Nimeosha, nimepaka oili, grisi kiduchu kwenye gololi, nikafunga nikiwa nimeshika pumzi. Inakamata. Mara moja na theluthi, kama mwanzo.

Tatizo lililobaki ni kishikio cha gia cha kwenye usukani. Cha zamani kimevunjika kile kibati cha ndani. Nimezunguka maduka yote karibu na soko la Mawenzi, kila muuzaji ananitazama kama nauliza kipuri cha treni.

Mzee wa Stesheni

Vya treni ni rahisi zaidi.

Fundi Gololi

Vipya bado vinatengenezwa. Jina la Sturmey-Archer lilinunuliwa na kampuni ya Taiwan mwaka 2000 na wanaendelea kutoa habu na vishikio. Ila kuagiza mpaka kifike Moshi bajeti yako itakuwa imekufa.

Nenda Memorial au Kiboriloni siku ya soko, kwa wanaouza vipande vya baiskeli za mtumba. Tafuta kishikio cha gia cha mountain ya zamani, kile cha kusukuma kwa dole gumba kinachokwenda laini bila kugonga tik tik. Hicho cha laini ndicho unachotaka. Cha kugonga kimepangiwa hatua zake, hakitaelewana na AW. Hatua za AW ni fupi, utaziweka mwenyewe kwa dole.

Tahadhari moja, na wote mnaosoma muisikie. Katikati ya namba mbili na namba tatu kuna mahali ambapo pedali inazunguka bure kabisa. Ukiwa umesimama juu ya pedali wakati huo, utakaa juu ya bomba la fremu, na wanaume hapa hawahitaji maelezo zaidi.

Mwalimu wa Pasua

Nimepata Kiboriloni, elfu tano baada ya kugoma na kuondoka mara mbili. Kuunganisha waya wa breki na kile kicheni kulinishinda mpaka nilipovunja kiunganishi cha waya za umeme, kile cha plastiki nyeupe, nikatoa kibomba cha shaba chenye skrubu mbili. Kimekaa kama kiliumbwa kwa kazi hiyo.

Kurekebisha nilifuata mafundisho: weka gia ya kati, chungulia kwenye kitundu cha nati ya kulia, ule mwanzo wa fimbo unapoungana na kicheni uwe sawa kabisa na mwisho wa ekseli. Nikachora mistari mitatu kwenye usukani kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Hilo analijua, alinikuta.

Kijana wa Unga Ltd

Rangi ya kucha nyekundu? Kumbe nyekundu tumefika.

Na rangi ya fremu je? Utapiga?

Mwalimu wa Pasua

Sipigi. Nilitaka, nakiri. Nikaanza kuosha kwa sabuni ya unga na sponji, na pale chini ya matope ya miaka yote zikatokea zile laini za dhahabu, nyembamba, pande zote za madigadi. Kuna mtu alizichora zile. Nimeziacha. Kwenye kutu nimefuta na oili, basi. Usukani na ringi za kroimu nimesugua kwa karatasi ya fedha ya jikoni iliyolowa maji. Nilimcheka aliyenieleza, lakini inatoa kutu bila kukwaruza. Msasa usiguse kroimu.

Kwenye keria kuna waya umefungwa kwa koleo, mizunguko mitano, naamini alikuwa anafungia vitabu vya chama. Huo nao nimeuacha.

Dada Keria

Mwalimu mimi nasambaza mikate kwa baiskeli kila siku toka Majengo, niseme mawili kuhusu tairi na breki maana humu mmejaa habu tu.

Tairi usinunue zile laini za bei poa, nunua zenye uzi mnene wa kubebea mzigo. Zinazidi elfu tatu nne tu lakini miiba ya mgunga ya njia ya TPC inazijua. Na tia pampu mpaka zigome, baiskeli nzito juu ya tairi legevu ndiyo mnayoiita mkokoteni.

Breki. Hizo za vyuma zinavuta raba juu kukamata ringi kwa ndani, na ringi ni ya chuma yenye kroimu. Siku ya jua inashika vizuri. Siku ya mvua, ndugu yangu, unashika breki leo inasimama kesho. Ukishuka toka Kibosho na mvua imekukuta, anza kubana mapema kabisa, kidogo kidogo, ringi ikauke, au shuka ukokote. Sisemi nadharia. Kovu lipo.

Mchumi wa Njiro

Nimerudi kwa heshima. Hesabu zikoje hadi sasa?

Mwalimu wa Pasua

Mkuu nilijua utarudi. Tairi mbili elfu 34, nilimsikiliza Dada Keria. Tyubu elfu 10. Kiti nilimpelekea fundi viatu wa karibu na stendi, akakata ngozi ya buti la jeshi, akaigonga ripiti juu ya springi zilezile, elfu 12, na ni kigumu kama benchi la kanisa ila kinapendeza. Cheni elfu 8. Spoku tano na kunyoosha ringi elfu 7, kazi hiyo alifanya yuleyule fundi wa mtaani aliyetaka kuitupa habu, na aliifanya vizuri sana, nimseme kwa haki. Kishikio elfu 5, waya elfu 3, gololi elfu 4 (za kati ya pedali ni 11 kila upande, nilipoteza mbili nikarudi dukani), raba za breki elfu 4, kota pini elfu 2, grisi na oili elfu 6, mafuta ya taa 3,500.

Jumla 98,500. Ukiongeza lile kopo la kwanza la grisi inakuwa 102,500.

Mchumi wa Njiro

Kwa hiyo umezidisha 2,500, yote kwa kutomsikiliza Fundi Gololi. Nakubali kushindwa, lakini kazi yako hujajilipa hata senti.

Mwalimu wa Pasua

Jumapili zilikuwa nne. Hizo sihesabu.

Mrejesho wa mwisho. Jana nilitoka Pasua saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijawa kali. Mjini nilipita na gia ya kati, nikavuka mzunguko wa Mnara wa Saa nikijisikia afisa. Barabara ilipoanza kuinuka kuelekea Kibosho nikasukuma dole mpaka mstari wa juu. Nilisimama mara tatu kupumzika, na kipande kimoja kabla ya kona ya bibi nilikokota, nisidanganye. Meno 18 ya nyuma bado ni magumu kwa mlima ule hata namba moja. Mwenye gurudumu dogo la meno 22 linaloingia kwenye Sturmey aniambie.

Kwenye tambarare ya mwisho kabla ya geti nikarudisha gia ya kati. Habu hii ikiwa namba moja inakwenda kimya, lakini namba mbili na tatu inatoa mlio, tik tik tik tik, kama saa ya ukutani. Bibi alikuwa jikoni. Alitoka nje akiwa ameshika mwiko, akasimama, akatazama barabarani kabla hajaniona mimi.

Akasema, "Nilidhani ni yeye anarudi chamani."

Nikamwonyesha waya. Nikamweleza habari ya gia tatu. Akaushika ule waya wa elfu tatu kwa vidole viwili, akauvuta kidogo, akauachia. Akauliza kama nimekula.

Mzee wa Stesheni

Meno 22 ninayo, kwenye kopo la Kimbo, tangu nilipostaafu. Njoo nayo Jumamosi hapa Njoro, nikubadilishie. Ni kazi ya dakika kumi, ni ile pete ya springi tu inayoshika. Njoo na baiskeli yenyewe, usije na daladala.

Kijana wa Unga Ltd

Mzee shikamoo, na mimi naweza kuja kuangalia? Napanda basi asubuhi.

Mzee wa Stesheni

Marahaba. Njoo. Ila rangi usije nayo.